Gawa kwa Nane

Jumanne, 5 Machi

Nimeanza shule. Nina miaka arobaini na sita, nimeezeka nyumba kuanzia Terrat mpaka Kikatiti, na leo saa kumi nimekaa kwenye dawati la kituo cha masomo ya jioni na protrakta mpya mfukoni kama mtoto.

Mwalimu wetu wa trigonometria anaitwa Twahira. Nakadiria ana miaka ishirini na saba. Amenikuta mlangoni akasema, "Shikamoo baba," nami nikaitikia marahaba yangu vizuri tu. Dakika mbili baadaye ameingia darasani, wote tumesimama, na mimi nimesimama, tukasema kwa pamoja, "Shikamoo mwalimu!" Magoti yakanilia. Ameitikia bila hata kutabasamu. Huyu mama ana moyo mgumu.

Halafu akabandika ukutani karatasi ya masharti yake, kwa mwandiko mkubwa. Mlango unafungwa saa kumi na dakika tano. Kila mtu na kiti chake, hakuna kuhama mpaka mwisho wa muhula. Jibu bila njia ni sifuri. Vifutio marufuku: ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa, lisomeke. Simu zote kwenye kikapu. Mwisho wa muhula kila mtu atapima kitu kimoja halisi na kukieleza mbele ya wenzake, alama thelathini. Asiyefikisha arobaini kwa jumla asimwombe barua.

Na sharti la mwisho ndilo hili daftari. Kila mmoja awe na daftari la pili la kuandika anachojiuliza, si majibu. Hatalisoma, ataangalia tu kama lina wino. Nimeuliza, "Nisipokuwa na la kujiuliza?" Amesema, "Basi andika kwamba huna, uone kama utaamini."

Kwa nini niko hapa, niandike nisije nikasahau. Mzee Philemoni, mkuu wa chuo cha ufundi njia ya Moshi, anatafuta mwalimu wa kuezeka. Aliniambia, "Mikono yako naijua, Efraimu. Karatasi zako sizioni." Nikipata barua ya Twahira kwamba nimefaulu muhula huu, naanza kufundisha mwezi wa sita kwa muda. Nikifaulu mtihani wa kidato cha nne mwezi wa kumi na moja, kazi ni yangu. Nimepanda juu ya mapaa miaka ishirini na tano, na mgongo umeanza kukataa. Naitaka hii kazi kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote tangu nioe.

Alhamisi, 7 Machi

Jua kali. Tumekariri saini, kosaini na tanjenti. Sijaelewa zinakula nini.

Jumamosi, 9 Machi

Sifuri!

Swali lilikuwa: ngazi ya mita tano imeegemea ukuta, mguu wake uko mita tatu kutoka ukutani, kichwa chake kiko juu kiasi gani? Nimeandika nne kabla hajamaliza kusoma. Tatu, nne, tano. Fundi yeyote anajua, ndivyo tunavyopiga kona ya nyumba.

"Njia iko wapi?" akauliza.

"Njia ni kwamba iko hivyo, mwalimu."

"Kwa nini iko hivyo?"

"Nimeitumia miaka ishirini na tano."

"Sijauliza umeitumia tangu lini, Efraimu."

Darasa likacheka. Jirani yangu wa mbele, binti anaitwa Arafa, alicheka mpaka akafunika uso na mtandio. Nimerudi nyumbani nimenuna. Mke wangu Naeku akaniuliza, "Jibu lilikuwa sahihi?" Nikasema ndiyo. "Sasa hiyo sifuri ya nini?" Nikaanza kumweleza, nikajikuta namtetea mwalimu.

Lakini kwa nini iko hivyo?

Jumanne, 12 Machi

Mfungo wa Ramadhani umeanza. Twahira amefundisha saa nzima na kinywa kikavu, hakupunguza hata swali moja. Nilikuwa na chupa ya maji, nikaificha chini ya dawati.

Jumamosi, 16 Machi

Mvua imefika, na limetokea jambo ambalo ningependa nisiliandike kwa wino.

Ilipoanza tulifurahi. Baada ya robo saa, Arafa akaruka. Tone limemwangukia shingoni, kisha jingine, kisha mfululizo. Wakaleta ndoo, ikakaa juu ya dawati, yeye akawa anaandikia mapajani. Chumba kimejaa, hakuna pa kusogea. Arafa ana miaka ishirini, anarudia mtihani wa hesabu kwa mara ya pili kwa sababu anataka uuguzi. Akatazama juu, na kwa kuwa hakuna dari, akaona maandishi ya penseli kwenye mbao.

"E.S. 2018," akasoma. "Huyu E.S. nikikutana naye nampiga na hii rula."

Wakacheka tena. Mimi pia nikacheka, Mungu anisamehe.

Efraimu Sumari. Ni mimi. Hili paa niliezeka mimi. Kazi alipewa mtu mwingine, nikawa chini yake, ndiyo maana Mzee Najim mwenye kituo hanijui. Siku ile nililiona zuri, nikatia jina.

Jumapili, 17 Machi

Baada ya ibada nimemwambia mlinzi wa kituo kwamba najitolea. Nimepanda na lami, nimeziba kila tundu la msumari. Misumari mizima, bati zima, mbao hazijapinda. Basi ni kitu kidogo, kimekwisha.

Jumanne, 19 Machi

Hakijakwisha.

Alhamisi, 21 Machi

Mvua. Ndoo. Arafa amelipatia lile tone jina la shemeji yake, kwa sababu haliondoki.

Jumamosi, 23 Machi

Nimechelewa dakika tatu zaidi ya zile tano, nikakuta mlango umefungwa. Nimesimama barazani saa nzima nikisikiliza somo kupitia dirishani, nikitazama maji yanavyoshuka kutoka kwenye paa langu. Hayakimbii. Yanatembea, kama watu waliotoka msibani, na upepo ukivuma kidogo yanarudi nyuma. Kwa nini hayakimbii?

Jumanne, 26 Machi

Leo nimeelewa tanjenti, nataka kuwaambia watu barabarani. Ni kimo ukigawa kwa urefu wa chini. Basi! Ni kitu ninachofanya kila siku, ila wao wamekipa jina na kitabu kizima cha majedwali. Unaingia na namba, unatoka na pembe.

Tumetengeneza kipimo cha pembe: protrakta, uzi, na nati ya kuning'inia. Nati nimegawa mimi, darasa zima, kutoka kwenye kopo langu la kazini. Twahira akasema, "Asante fundi," akajirekebisha haraka, "Asante Efraimu."

Jumamosi, 30 Machi

Mawingu yamefunguka tangu asubuhi, ametutoa nje tupime kilele cha Meru. Kila mtu alikisia kwanza. Nilisema nyuzi arobaini, Arafa sitini. Uzi umesema kumi na mbili, au karibu yake. Kumi na mbili! Nimezaliwa chini ya huo mlima nikiamini umesimama wima juu yetu. Tumepima mara nne, hakuna aliyekubali.

Nini kingine nimekuwa nikikiona kikali wakati si kikali?

Jumanne, 2 Aprili

Tumetaja vitu tutakavyopima. Arafa anapima mnara wa msikiti. Mimi nimesema mnara wa kanisa letu, kwa sababu ndio ulionijia mdomoni.

Alhamisi, 4 Aprili

Wenzangu walipotoka nilibaki, nikapanda juu ya dawati la Arafa, nikalaza kipimo kwenye boriti. Uzi ukasimama kwenye saba.

Haiwezekani. Mapaa yangu yote ni kumi na nne, yaani kimo ni robo ya urefu wa chini. Kipimo kimeharibika.

Ijumaa, 5 Aprili

Nimepima paa la nyumba yangu. Kumi na nne kamili. Kipimo kizima. Naeku amenikuta juu ya stuli na uzi, akaniuliza kama nimepotewa na kitu.

Jumamosi, 6 Aprili

Nimeipata. Ningetamani nisingeipata. Naandika polepole, kwa njia, kama anavyotaka.

Bwana aliyenifundisha kazi, Mzee Gadiel wa Kikatiti, alinipa kanuni moja ambayo sijawahi kuiacha: chukua upana wa nyumba, gawa kwa nane, hicho ndicho kimo cha paa. Nyumba ya mita sita, kimo sentimita sabini na tano. Nimewapa vijana wangu wote kanuni hiyo, nao wamewapa wao.

Leo nimechora nyumba yangu. Ina miteremko miwili, maji yanashuka huku na huku. Kilele kiko katikati. Kwa hiyo upana wa mita sita unakatwa mara mbili, kila upande unabaki mita tatu. Sabini na tano kwa mita tatu ni robo. Jedwali linasema nyuzi kumi na nne. Safi.

Halafu nimechora darasa. Darasa lina mteremko mmoja, kutoka ukuta wa nyuma hadi wa mbele. Hakuna kilele katikati. Maji yanasafiri mita zote sita. Na mimi niligawa kwa nane vilevile, sabini na tano kwa mita sita. Ni sehemu moja ya nane. Jedwali: nyuzi saba.

Nusu. Nililaza paa nusu ya linavyotakiwa, na upepo wa mvua unasukuma maji yapande chini ya bati pale zinapopishana. Misumari haina kosa wala lami haiwezi kusaidia. Nane ndiyo kosa. Si kosa kwenye nyumba ya miteremko miwili. Ni kosa pale nilipoibeba bila kujua kwa nini ni nane.

Nimekaa nikihesabu mapaa ya mteremko mmoja niliyowahi kuezeka. Kumi na moja. Nimeona haya peke yangu chumbani, haya ya kweli, masikio yakawaka moto. Na nani atampa mtu huyu wanafunzi wa kuezeka?

Jumapili, 7 Aprili

Nimekwenda Kikatiti. Mzee Gadiel alikuwa anamenya maharage na mkewe. Tumesalimiana, nimeulizwa habari za kila mtu hadi ng'ombe, chai imekuja. Ndipo nikauliza.

"Mzee, ile nane ilitoka wapi?"

"Nane ipi?"

"Ya kugawa upana."

Akafikiri sana. "Niliambiwa nane. Nami nikakuambia."

"Na paa la mteremko mmoja?"

"Sijui," akasema. "Mimi sijawahi kuezeka paa la mteremko mmoja maisha yangu yote. Hayo ni mambo yenu ya siku hizi. Kwani kuna shida?"

Nikasema hakuna. Akanipa mfuko wa maharage.

Jumatano, 10 Aprili

Idd. Arafa ameniletea pilau nyumbani kwa niaba ya mama yake, "kwa baba wa nati." Pilau tamu. Nimeshindwa kuimaliza.

Jumamosi, 13 Aprili

Mvua kama ya leo sijaiona tangu nianze kazi. Ndoo ilijaa katikati ya somo, Arafa alipojaribu kuishusha ikamponyoka. Maji yote kwenye daftari lake na michoro ya mnara. Kurasa kumi na mbili, amepima kwa wiki mbili. Wino ukawa bluu tupu. Hakupiga kelele. Alikaa chini, akasema taratibu, "Hesabu na mimi basi," akaanza kulia.

Nikasimama. Nilidhani nasimama kusema. Mdomo ukafunguka, ukatoa hivi: "Mwalimu, naomba tubadilishane viti."

Najua ni sharti lake la pili. Twahira aliangalia ile ndoo, akamwangalia Arafa, kisha akachukua kalamu akaenda ukutani. Akapiga mstari mmoja juu ya sharti la pili. Mmoja tu, linasomeka. "Niliweka ili msinakiliane," akatuambia. "Sikufikiria mvua. Nimekosea. Hameni."

Nimekaa chini ya tone hadi mwisho. Linaanguka palepale kwenye mfupa wa shingo. Nilimwona ni mkali kwa sababu hajaishi. Kumbe binti wa miaka ishirini na saba amekiri kosa mbele ya watu arobaini bila kikohozi, na mimi nimeficha langu chini ya lami.

Jumanne, 16 Aprili

Nimemweleza Naeku kila kitu. Ameendelea kukamua ng'ombe, kisha akaniuliza, "Ukiwa mwalimu, vijana utawapa nane au utawapa ukweli?"

"Ukweli."

"Na wakikuuliza umeujuaje?"

Mwanamke huyu angefaa kuwa mwalimu wa hesabu.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimebadilisha kitu cha kupima. Twahira aliandika tu, hakuuliza. Nimemsaidia Arafa kupima mnara upya.

Jumanne, 23 Aprili

Mvua. Sina usingizi wala hamu ya ugali.

Jumamosi, 27 Aprili

Nilikuwa wa tatu. Mzee Najim alikuja kusikiliza, akakaa mbele na kofia yake magotini. Nikachora darasa ubaoni, mita sita kwa sabini na tano. Nilipogeuka kuanza kusema, mvua ikashuka juu ya bati kwa kishindo, hakuna anayesikia kitu.

Nikasema, "Paa hili limelazwa kupita kiasi, na aliyeliezeka ni mimi."

"Unasemaje?" wakauliza wa nyuma.

"Aliyeliezeka ni mimi!"

"Nani?"

"Mimi! E.S. ni mimi! Efraimu Sumari!" Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Nilikuwa nimejiandaa kusema mara moja, kwa heshima. Imebidi niseme mara tatu kama muuza samaki.

Arafa alinitazama. Akachukua rula, akaja hadi mbele, akanigonga begani mara moja. "Nilishaahidi," akasema, akarudi kukaa. Sijui kwa nini hilo ndilo lililonitoa machozi.

Halafu nikaendelea kwa njia. Nane ilitoka wapi, inafanya kazi wapi, inakufa wapi. Mvua ilipopungua, Mzee Najim akauliza, "Kwa hiyo dawa yake?"

"Ukuta wa nyuma upande sentimita sabini na tano. Nitafanya mimi, na vifaa nitaleta mimi."

"Lini?"

"Mvua ikikata."

Akavaa kofia. "Miaka sita nimelaumu bati," akasema.

Mwalimu ameninyima alama nne kati ya thelathini: sikusema mteremko mpya utahitaji bati refu kiasi gani. Jumla yangu ya muhula ni arobaini na mbili. Nimepita kwa alama mbili, na sitasahau ile sifuri ya ngazi.

Alinifuata barazani. "Barua ya chuo huwa naandika na kichwa cha kazi ya mwanafunzi. Mkuu ataisoma. Ningeweza kuandika 'kipimo cha pembe' tu." Niliona ile kazi kabisa, koti jeupe, chaki, mgongo wangu ukipumzika.

"Andika yote, mwalimu," nikasema.

Jumanne, 30 Aprili

Barua imekwenda.

Jumanne, 7 Mei

Kimya kutoka chuoni. Mvua za rasharasha.

Jumamosi, 11 Mei

Tumefungua paa. Nusu ya darasa wamekuja, hata wasiojua kushika nyundo. Arafa ameshika futi ya kupimia siku nzima na hakumruhusu mtu kusema kipimo bila kukichora kwanza kwenye tofali.

Jumamosi, 18 Mei

Nilikuwa juu, napigilia bati la mwisho, niliposikia mtu ananiita kwa jina. Mzee Philemoni, chini, na ile barua mkononi.

Nikashuka. "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ndilo hili?"

"Ndilo."

Akaingia ndani, akatazama juu kwa muda mrefu. Akaniomba nichore. Nikachora sakafuni kwa chaki, nyumba mbili, ya miteremko miwili na ya mmoja. Alichuchumaa, akafuatisha mistari kwa kidole, akarudia.

"Nina walimu wawili wa kuezeka," akasema hatimaye. "Wote wanafundisha nane. Mimi mwenyewe niliwafundisha." Akafuta vumbi magotini. "Karakana yetu mpya ina mteremko mmoja, Efraimu. Inavuja, na tumeshabadilisha misumari mara mbili."

Nikaandika nyuzi saba kando ya mchoro wa pili.

"Uje tarehe tatu mwezi wa sita. Na huo mtihani wa Novemba ufaulu, nisije nikaaibika. Siku ya kwanza utaanza na sisi watatu, wanafunzi watasubiri."

Alipoondoka nimepanda tena, nikatafuta ile mbao. Nimepiga mstari mmoja juu ya 2018, bado inasomeka, nikaandika mwaka huu pembeni.

Jumanne, 21 Mei

Manyunyu tangu mchana, na ukungu wa baridi kutoka mlimani. Nimefika mapema. Mwalimu alinikuta mlangoni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu."

Ndani, maji yalikuwa yanakimbia juu ya bati hadi ukingoni, unayasikia. Dawati kavu. Arafa analalamika kwamba sasa hana kisingizio. Twahira akaingia, tukasimama wote, nami nikasimama wa kwanza.

"Shikamoo mwalimu!"